Biashara ya mtandao: anayetangaza kipato alazimishwe kuonyesha na gharama?

Mwanzisha mada: Nazungumzia ile ya kuuza bidhaa huku ukialika wengine wajiunge chini yako, ulipwe kamisheni kwa mauzo yao. Mtu akisimama ukumbini Sinza na kusema analipwa milioni kadhaa kwa mwezi, alazimike kutaja papo hapo alichotumia kuzipata. Kamisheni siyo faida. Tuseme kalipwa 180,000. Ili astahili malipo hayo, mpango unamtaka anunue bidhaa za pointi fulani kila mwezi, mfano 120,000. Toa semina 20,000, toa nauli na bando 45,000. Hapo ana hasara ya 5,000, ila picha anayorusha WhatsApp inasomeka 180,000.

Muuzaji, Mwenge: Ndugu, mbona mwenye duka Kariakoo hamumdai hesabu zake? Dawa ya meno ipo, mteja anaitumia. Asiyefanya kazi asisingizie mfumo.

Mhasibu, Ilala: Mwenye duka hakuuzii matumaini ya kulipwa kama yeye. Na hilo la "asiyefanya kazi" linakataliwa na hesabu yenyewe. Kila mmoja akiingiza watu watano, safu ya kumi peke yake inahitaji watu 9,765,625. Sensa ya 2022 iliikuta Dar ina watu 5,383,728. Hata kabla ya kufika huko, ukisimamisha mti huo wa kualikana popote, kama 80% ya watu wako safu ya mwisho na hawana mtu chini yao. Wote wangeweza kujituma sawasawa na bado wakabaki palepale.

Mwanasheria, Upanga: Tusichanganye mambo mawili. Kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu kinahusu upatu wa piramidi, yaani wa mwanzo kulipwa kwa fedha za wanaojiunga baadaye. Ndicho kilichotumika kwa DECI, ile ya "kupanda mbegu" iliyoanguka 2009. Kampuni yenye bidhaa inaweza isiwe piramidi na bado ikadanganya kuhusu kipato. Mwaka 1979 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliamua kwamba Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, si piramidi, lakini ikaiamuru iache kutia chumvi mapato. Mwaka 2016 Herbalife, kampuni nyingine ya aina hiyo, ilikubali kulipa dola milioni 200 kumaliza madai ya FTC kwamba ilidanganya kuhusu kipato. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza maelezo ya kupotosha. Pengo ninaloliona ni kwamba uongo hutoka kwa mwanachama, kwa sauti ya WhatsApp, halafu kampuni inaruka: huyo si mwajiriwa wetu. Wajibu wa kutangaza kipato halisi cha wanachama uiangukie kampuni.

Muuzaji, Mwenge: Gharama nakubali. Ila wengi hujiunga wapate punguzo tu. Ukiwajumlisha, kipato cha sisi tunaouza kitaonekana sifuri.

Mhasibu, Ilala: Hapo una haki. Aliyealika hata mtu mmoja ahesabiwe muuzaji, wengine wawekwe kando. Lakini waliokata tamaa katikati ya mwaka wasifutwe, na wastani usitumike. Watu tisa wakipata 10,000 kila mmoja na wa kumi 2,910,000, wastani ni 300,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anayekipata. Kitangazwe kipato cha mtu wa katikati, ukiwapanga kuanzia wa chini hadi wa juu: 10,000.

Mwanzisha mada: Kwa aliyealikwa Jumamosi hii: mwombe anayekualika taarifa ya malipo ya miezi 12 mfululizo, pamoja na risiti za manunuzi yake za miezi hiyohiyo. Picha ya mwezi mmoja uliomnyookea ikatae. Kisha muulize ni kiasi gani kimetoka kwa wateja wasio wanachama, na maboksi ya bidhaa zisizouzika yaliyojaa uvunguni kampuni inayarudisha kwa bei gani na ndani ya siku ngapi. Jibu la hilo la mwisho lidai kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi.