Whinfield na poliesta: nimfundishe vipi Kidato cha Sita?

Mwalimu wa Kemia, Wete

Assalaam alaykum. Naandaa somo la polima, yaani molekuli ndefu zenye vipande vinavyojirudia. Vitabu tulivyonavyo vinamtaja Carothers, mkemia wa Kimarekani, na nailoni yake, kisha vinaruka. John Rex Whinfield, Mwingereza wa poliesta, hapewi hata mstari mmoja, na kila mwanafunzi darasani amevaa kazi yake. Nina maswali mawili. Alifanya nini hasa, maana Carothers naye aliwahi kutengeneza poliesta? Na lipo jaribio la skuli la kuonesha jambo hilo? Tuna vichomeo, neli za majaribio na mizani ya gramu 0.1. Kloraidi za asidi za lile jaribio la kamba ya nailoni hatuna.

Nyuzi na Rangi

Waalaykum salaam, mwalimu. Whinfield alizaliwa Sutton, Surrey, mwaka 1901, akasoma kemia Cambridge. Alipomaliza alifanya kazi bila mshahara katika maabara ya Cross na Bevan, London, watu wa viskosi (nyuzi za selulosi ya mimea), kwa sababu alizitaka nyuzi na si kemia ya jumla. Mwaka 1924 akaingia Calico Printers' Association, shirika la kupiga chapa na kutia rangi vitambaa vya pamba. Wanafunzi waambiwe hilo: poliesta ya nguo ilitoka kwa wachapaji wa kaliko, haikutoka kwenye kiwanda kikubwa cha kemikali.

Kuhusu Carothers: alitumia zaidi asidi zenye mnyororo wa kaboni unaojipinda kirahisi, usio na pete. Poliesta ya asidi ya adipiki na ethilini glikoli huyeyuka kwenye 50°C hivi. Shati la namna hiyo lingekwisha kwenye pasi, tena maji ya moto yangelila taratibu. Akaziacha, akageukia amidi, na mwaka 1935 akapata nailoni. Whinfield aliyasoma maandishi yake na kuona pengo. Mwaka 1941, yeye na James Tennant Dickson, huko Accrington, waliweka asidi ya tereftaliki mahali pa asidi hizo. Vikundi vyake viwili vya kaboksili (-COOH), vinavyoungana na glikoli, viko nafasi ya 1 na ya 4, pande mbili za pete ya benzini zinazokabiliana. Mnyororo unanyooka, unakuwa mgumu, unapangika na wenzake. Kiwango cha kuyeyuka kikapanda hadi karibu 260°C.

Yaliyofuata ni ya kibiashara zaidi. Vita viliifunika hataza. ICI, kampuni ya kemikali ya Uingereza, wakaichukua wakaiita Terylene, DuPont, kampuni ya Marekani, wakanunua haki za Marekani wakaiita Dacron, na Whinfield akajiunga na ICI mwaka 1947. Alipewa nishani ya CBE mwaka 1954, akafariki Dorking mwaka 1966.

Fundi Maabara, Chake

Jaribio lipo, na linagusa hapo hapo kwenye nafasi za pete. Tumia anhidraidi ya ftaliki. Hii ni ndugu ya tereftaliki, ila vikundi vyake viko jirani, nafasi ya 1 na ya 2.

Chukua neli mbili. Kila moja tia gramu 2 za anhidraidi na gramu 0.1 ya asetati ya sodiamu. Neli ya kwanza ongeza mililita 0.8 za ethilini glikoli, ya pili mililita 0.8 za gliserini, hii ya duka la dawa. Pasha kwa moto mdogo huku ukizungusha, mpaka mchanganyiko uonekane kama unachemka. Hayo ni maji ya mmenyuko yanayotoka. Endelea dakika 5, kisha mimina kwenye karatasi ya alumini ipoe.

Ya glikoli itabaki kitu kizito cha kunata. Ya gliserini itakuwa ngumu kama kioo, kwa sababu gliserini ina vikundi vitatu vya haidroksili (-OH), glikoli ina viwili, na minyororo inafungana yenyewe kwa yenyewe. Wanafunzi waulizwe: kwa nini ile ya kwanza haikutoa uzi? Jibu ni kwamba mnyororo unapinda kila unapofika kwenye pete, nao ni mfupi mno.

Yanayoharibika: moto ukiwa mkali, anhidraidi inageuka mvuke na kuganda sindano nyeupe mdomoni mwa neli, na vipimo vyako vimepotea. Ukichelewa kumimina ile ya gliserini, neli hiyo huioshi tena. Vaeni miwani na glavu, madirisha wazi. Ethilini glikoli ni sumu na ina ladha tamu, isikae kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Mwalimu wa Kemia, Wete

Ahsanteni sana. Na chupa za maji je? Nazo ni poliesta hiyo hiyo ya Whinfield. Tukiyeyusha vipande na kuvuta, si tutapata uzi?

Nyuzi na Rangi

Mtapata, lakini unyevu wa Pemba utawasumbua. Kwenye joto la kuyeyuka, maji kidogo tu yaliyomo ndani ya plastiki yanakata vifungo vya esta (vinavyounganisha vipande vya mnyororo), mnyororo unafupika, uzi unakatika kila ukivutwa. Kata vipande vidogo, kausha kwenye oveni ya 150°C kwa saa 4, tumia papo hapo. Vitajikunja na kuwa vyeupe, hilo si tatizo. Yeyusha kwenye kopo juu ya jiko la umeme. Moto wa wazi utaunguza. Gusa kwa fimbo ya kioo, vuta polepole.

Uzi huo bado ni dhaifu. Uchovye kwenye maji yanayokaribia kuchemka, yaani juu ya 80°C, kisha uvute mpaka urefu uwe mara 3 au 4. Hapo minyororo inalala upande mmoja na nguvu inakuja.

Fundi Maabara, Chake

Oveni ikikosekana, lifanyeni jaribio jingine, la kutambua nyuzi kwa msongamano: leta kamba za mwani na nyuzi za nyavu. Kata vipande vya sentimita 1, fumua, tia tone la sabuni ya vyombo ili mapovu ya hewa yasivibebe. Polipropilini (msongamano gramu 0.9 kwa mililita) huelea kwenye maji ya bomba. Vilivyozama hamishia kwenye maji yaliyotiwa chumvi mpaka haiyeyuki tena, gramu 36 kwa mililita 100: nailoni (1.14) hupanda, poliesta (1.38) hubaki chini. Chuja maji ya chumvi kwanza, maana chumvi ya kupikia huwa na mchanga na wanafunzi wataudhania uzi.