Panya wa kawaida haugui dengi, sasa wanampimia nini?

Mdadisi_Tabata
Wakuu habari. 2019 dengi ilinilaza wiki nzima hapa Dar, viungo vinauma mpaka kujigeuza kitandani ni kazi, tangu hapo nasoma kila kitu kinachohusu huu ugonjwa. Juzi nimekutana na maelezo kwamba panya wa maabara ukimchoma kirusi cha dengi anaendelea kula pumba zake kama hakuna kilichotokea, ila aliyeharibiwa kinga ndo anaugua. Sasa kama mnyama mpaka umvunje kinga ndo augue, majibu yake yananihusu nini mimi mwenye kinga nzima?

Mzee_wa_Pipeti
Umeuliza la maana mkuu. Kirusi kikiingia, seli inapiga yowe kwa kutoa interferoni, majirani wakisikia wanafunga milango. Ndani ya seli yowe hilo linapokelewa na protini kadhaa, mojawapo STAT2. Sasa dengi ina protini yake inaitwa NS5, hiyo inaikamata STAT2 ya binadamu na kuipeleka ikaharibiwe, ila ya panya ina tofauti kidogo basi inashindwa kuishika. Kirusi cha Zika, ndugu yake dengi, nacho hivyohivyo. Ndo maana wakatengeneza panya asiyesikia yowe kabisa, kuna aina inaitwa AG129. Huyo anafaa kuangalia kama dawa inapunguza virusi kwenye damu. Kwa chanjo mimi simwamini sana, chanjo si inategemea hiyohiyo kinga uliyoing'oa?

mjukuu_wa_Entebbe
Ndo maana wengine wanakimbilia tumbili, ila nao ni bahati nasibu. Homa ya manjano watu walihangaika sana, tumbili wetu wa Afrika wengi wanaambukizwa lakini hawaonyeshi ugonjwa, mpaka 1927 huko Afrika Magharibi damu ya Mghana mmoja aitwaye Asibi ikachomwa kwa rhesus, aina ya tumbili wa Asia, huyo akaugua kweli. Adrian Stokes aliyekuwa kwenye kazi hiyo alikufa kwa homa hiyohiyo mwaka uleule. Na Zika je? 1947 hapa kwetu Uganda rhesus namba 766 aliwekwa juu ya mti msituni kama chambo cha homa ya manjano, wakapata kirusi ambacho hakuna aliyekitarajia.

Daktari_wa_Mifugo
Nyie wa panya mnajitesa bure 😂 Homa ya Bonde la Ufa haina haja ya kutafuta mnyama wa mfano, kondoo ndo mgonjwa mwenyewe, hata kirusi kilipatikana kwa kondoo wa Naivasha, ikaandikwa 1931. Mvua ya 2006 kwenda 2007 niliingia boma moja asubuhi, kondoo karibu wote wenye mimba wametupa, mimba changa kwa pevu, mimi nimevaa glavu mbili na mama mwenye mifugo anakusanya vijusi kwa mikono mitupu anavitia kwenye karai. Nilimkataza akaniangalia tu. Chanjo ya homa hii iitwayo ChAdOx1 RVF ilijaribiwa kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe Kenya, baadaye ileile ikaja kwa watu. Hapo majibu ya mnyama si mfano, ni yake mwenyewe.

Mzee_wa_Pipeti
Sawa daktari, ila kondoo 40 nawaweka wapi kwenye maabara ya usalama daraja la 3, ile ya vimelea hatari? Panya 40 wanakaa rafu moja na bado napata pa kuegemea.

Mdadisi_Tabata
Kumbe. Na hao panya wanachomwa sindano au wanaumwa na mbu kweli?

Mzee_wa_Pipeti
Wengi sindano. Walioumwa na mbu mara nyingi wanazidiwa zaidi, mate ya mbu yenyewe yanavuruga kinga pale kwenye ngozi. Ila kufuga mbu wenye virusi nayo ni kesi nyingine, mmoja akitoroka hakuna anayeenda nyumbani.