Kiwanda kikipunguza watu kwa sababu ya mizigo ya nje, nani awalipe?

Fundi_Themi: Wakuu, habari za jioni. Nina swali. Serikali ikiachia nguo za nje ziingie kwa bei ya chini, kiwanda cha hapa kikakosa wateja na kupunguza watu, wale watu ni wa nani? Arusha hii kiwanda cha nguo cha Kiltex kilikufa, cha matairi cha General Tyre kikasimama, na wenye viwanda vidogo hakuna anayewahesabu. Mimi nilikuwa laini ya mashati, upande wa kola. Ncha moja ikilala, shati zima linafumuliwa. Siku ya kupunguzwa tukaambiwa oda hakuna, shati la nje linafika dukani kwa bei iliyo chini ya gharama ya kitambaa chetu. Kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, na hesabu inaishia miaka 10. Ukifanya 20, hiyo mingine 10 imekwenda. Wazo langu: ushuru unaotozwa kwenye nguo za nje, sehemu yake iwekwe kwenye mfuko wa kutufundisha kazi nyingine, na posho wakati tunajifunza. Mnasemaje?

Msomi_Njiro: NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Linatosha. Na tuseme ukweli, viwanda vyetu havikuuawa na nguo za nje. Vilikufa kwa wizi. Watu walikuwa wanatoka na vitambaa wamejifunga kiunoni.

Binti_Ngarenaro: Msomi, futa hiyo kauli. Mama yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo. Kila jioni walipanga foleni getini, wanawake upande wao, wanafunguliwa hadi vilemba, wanapapaswa, wanamwagiwa pochi chini. Mtu anayepekuliwa hivyo anatoka na jora wapi? Mzigo ulitoka kwa lori, na karatasi zimesainiwa.

Msomi_Njiro: Dada, sijamtaja mama yako.

Binti_Ngarenaro: Umesema "watu". Waliopekuliwa pale getini ni akina nani kama si mama zetu? Waliosaini karatasi hawakupekuliwa hata siku moja.

Chalii_Sakina: Binti kasema kweli. Mfagizi ndiye anayeitwa mwizi siku zote.

Mzee_Pasua: Wanangu, punguzeni hasira. Mimi niko Moshi, nimeviona viwanda vikiwa hai. Miaka ya 80 fedha za kigeni hazikuwepo, mashine ikiharibika kipuri hakipatikani, mnakaa. Halafu biashara ikafunguliwa na mitumba ikamiminika. Kiwanda kinachochechemea ukikishindanisha na nguo iliyokwisha kuvaliwa, kitashinda vipi? Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mitumba ikome ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuwaondoa kwenye AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wenzetu na sisi tukalegea. Rwanda ikabaki peke yake, na 2018 nguo zake zikaondolewa ule unafuu wa ushuru. Dawa ni kuzuia mitumba. Mfuko utakuja baadaye.

Mama_Memorial: Shikamoo mzee. Hapo umenigusa na sinyamazi. Mimi nauza mitumba soko la Memorial, na nimesomesha kwa hiyo hiyo. Belo nachukua kwa hela ya kikundi, sijui kilichomo mpaka nikate mikanda. Likitoka zipu zimekufa na makwapa yameungua, hasara ni yangu. Hakuna aliyenilipa posho. Mkizuia, mimi na wenzangu tutakuwa wa nani?

Mzee_Pasua: Marahaba mwanangu. Sisemi mfe njaa. Lakini kazi yako imesimama juu ya kazi ya mwingine aliyeikosa.

Mama_Memorial: Mzee, mimi sikumfukuza mtu kazi. Nilikuta mizigo bandarini imesharuhusiwa.

Chalii_Sakina: Mbona mambo ya mfuko ni ya Wamarekani? Wao wanao hadi leo, wana hela.

Wakili_Kijenge: Walianza 1962, wakati wa Rais Kennedy. Walilipia mafunzo na kuongeza muda wa posho kwa aliyethibitika kupoteza kazi kwa ajili ya bidhaa za nje. Ila tangu Julai 2022 maombi mapya hayachunguzwi wala kuidhinishwa, muda wa sheria uliisha na Bunge lao halikuongeza. Kuthibitisha ndiko kugumu: mwenye kiwanda atasema bidhaa za nje, mwingine atasema uongozi mbovu. Na kwa mnaopunguzwa leo, msisubiri mfuko. Kama hamkushirikishwa kabla ya kupunguzwa, mna siku 30 tu za kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Msomi_Njiro: Ndicho nilichosema. Uongozi mbovu.

Binti_Ngarenaro: Ulisema wizi, ukasema kiunoni. Usibadilishe.

Fundi_Themi: Jamani, Msomi kasema fao la NSSF linatosha. Nililipata, nashukuru, liliniwekea chakula mezani. Lakini miezi 6 ikiisha bado najua kola tu. Mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni wa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mwanaume wa miaka 52 mwenye mikono miwili mizima anaingilia dirisha gani? Sasa hivi nageuza kola za mashati ya mitumba barazani kwa mtu. Mama Memorial, mashati yenu ndiyo yananilisha, siwezi kuwaombea mzuiwe.

Mama_Memorial: Basi kaka nijibu. Ushuru wa mitumba ukipandishwa nikashindwa kununua belo, mfuko wako utaniingiza na mimi? Sina barua ya ajira, sina NSSF.

Fundi_Themi: Uingie.

Mzee_Pasua: Hapo sikubali. Mfuko wa wafanyakazi wa kiwanda ukimwingiza kila mwenye meza sokoni, Fundi hatapata hata nauli ya kwenda kujifunza.

Mama_Memorial: Mzee, hata huyo Fundi leo ni mwenye meza.