Mwimbaji akigeuka mwenye mgahawa, ni kufulia?

Mleta mada

Wadau, kuna kauli imezoeleka mitaani na mimi siwezi tena kuipitia kimya. Mwimbaji akifungua sehemu ya chakula tu, watu wanatangaza: "Amefulia, muziki umemkataa," yaani ameishiwa. Kauli hiyo inapotosha, na ubaya wake ni kwamba inatufanya tusiulize swali lenye maana.

Nianze na Lady Jaydee. Judith Wambura, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1979, ni miongoni mwa waliotuonyesha kwamba mwanamke anaweza kuimba R&B kwa Kiswahili na kazi ikauzika. Alianza na albamu ya Machozi, zikafuata Binti, Moto, Shukrani na nyingine. Alipofungua Nyumbani Lounge jijini Dar es Salaam hakuweka maiki chini. Alikuwa na bendi yake, Machozi Band, na bendi hiyo ilikuwa ikipiga palepale watu wanapokula. Juni 2013 alipofanya onyesho la miaka 13 ya muziki wake, alilifanya hapo Nyumbani Lounge. Onyesho lilikuwa limesogezwa mbele kwa sababu ya msiba wa msanii mwenzake Albert Mangwea, aliyefariki Afrika Kusini mwishoni mwa Mei mwaka huo. Anayekodi ukumbi anajua kusogeza tarehe kunavyogharimu: malipo ya awali yanapotea na tarehe nyingine huenda ikawa imeshachukuliwa. Mwenye kwake anaamua, anawatangazia watu, basi.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana wengi humu mmekulia kwenye muziki wa simu. Katika muziki wa dansi mpangilio uliozoeleka ulikuwa huu: bendi inachukua viingilio vya getini, mwenye baa anachukua fedha za vinywaji na chakula. Mvua ikinyesha, geti linakauka, lakini wachache walioingia bado wanakunywa hadi usiku wa manane. Mwenye baa anafunga hesabu akiwa na kitu mkononi. Wapigaji wanarudi nyumbani na nauli. Mwanamuziki anayemiliki mgahawa wenye jukwaa ameziunganisha fedha ambazo kwa miaka mingi zilitenganishwa kwa hasara yake, ya getini na ya kaunta. Mtu wa namna hiyo mnasema amefulia?

Mfano wa pili ni mwimbaji Shilole. Julai 2015 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilitangaza kumfungia mwaka mmoja asijihusishe na muziki, kutokana na onyesho alilofanya Ubelgiji. Sitaki tuanze upya ule ubishi wa mavazi. Natazama riziki: barua moja ya baraza, na mtu hana pa kupatia chakula cha watoto. Baadaye alipoweka nguvu zake kwenye mgahawa wake, Shishi Food, alikuwa ameingia kwenye kazi ambayo haimtegemei BASATA kuruhusu jiko liwashwe. Kwa macho yangu hiyo ni akili.

Hadi hapo nadhani wengi tunakubaliana. Nilichokuja kukisema hasa ni hiki kinachofuata, na najua kitawaudhi baadhi yenu.

Siku mwanamuziki anapofungua mgahawa, amevuka meza. Jana alikuwa anadai mirabaha, yaani malipo ya wenye wimbo kila unapotumika, leo anadaiwa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, haina mlango wa pembeni kwa mwenye baa ambaye naye ni msanii. Ukipiga nyimbo za watu kwenye biashara yako, unalipia. Bendi yako ikipiga "kopi" za wakongwe Jumamosi nzima, unalipia. DJ wako akiweka nyimbo za vijana wateja wakiwa wanakula, unalipia pia. Msimamo wangu ni kwamba wanamuziki wenye migahawa wawe wa kwanza kulipa, walipe hadharani, risiti ibandikwe ukutani karibu na leseni ya biashara. Wao ndio wanaoujua uchungu wa kusikia wimbo wako unachezwa kila kona na wewe huna hata shilingi. Kama hata wao hawalipi, tutamwendea mwenye hoteli asiyejua kushika gitaa kwa hoja gani?

Karibuni tubishane.

Mpiga solo mstaafu

Kijana wangu, umelieleza geti vizuri. Niongeze kitu ambacho nyie wa sasa hamkukiona.

Sisi tulikuwa waajiriwa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vya chama, mshahara wa chama, hata jina la chama. Ndiyo maana jina lilibadilika kila chama kilipobadilika, ikawa Juwata, ikawa OTTU. Mwaka 1978 Muhiddin Maalim na Hassan Bitchuka walipohamia Mlimani Park waliondoka na sauti na mikono yao tu. Gitaa lilibaki, na jina lilibaki. Halafu tazama, hata hiyo bendi mpya ilichukua jina la baa. Baa ndiyo ilikuwa na jina, wanamuziki wakaja kulivaa. Kwa hiyo mwanamuziki mwenye baa iliyobeba jina lake mwenyewe ni mapinduzi, na nasema hivyo nikiwa na mvi.

Marijani Rajab tulimwita Jabali la Muziki. Wimbo wake wa Zuwena mpaka leo unapigwa harusini, na watoto wasiomjua wanaucheza. Miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki mwaka 1995, alikuwa akijitafutia kwa kuuza kanda kwenye kibanda. Laiti angekuwa na hata meza nne za chakula.

Lakini nina dukuduku. Nimewahi kupiga kwenye ukumbi wa mwanamuziki mwenzetu, simtaji. Nilitarajia tutaelewana kwa sababu anaijua kazi. Malipo yakawa yaleyale ya "chukueni geti", na chakula tulikatwa kwenye posho. Mtu akishika kaunta anaanza kuona kama mwenye kaunta. Mleta mada, kabla hujaenda kwenye mirabaha, uliza kwanza wapigaji wa humo ndani wanalipwaje.

Mwenye baa

Nawaheshimu wasanii, lakini naona mnajadili biashara ambayo hamjawahi kuiendesha.

Nikifungua mlango tu kuna kodi ya pango, leseni ya biashara, leseni ya vileo, mashine ya risiti ya EFD, umeme, watu wa afya, zimamoto. Sauti ikizidi kidogo, NEMC, watu wa mazingira, wanakuja kufunga. Juu ya hayo mnaniambia nilipie na nyimbo. Sikatai sheria. Nauliza, hela hiyo inakwenda kwa nani? Nikilipa ada ya mwaka, nimelipa kwa ukubwa wa eneo langu na aina ya biashara, haijalishi nimepiga wimbo wa nani. DJ wangu anapiga singeli mpaka asubuhi. Aliyeimba hiyo singeli ataonaje hela yangu? Hakuna mtu aliyekuja kuandika kilichopigwa. Mimi ningelipa kwa moyo mweupe kama ningejua inamfikia niliyempiga.

Na huyo mwanamuziki mwenye mgahawa ambaye mleta mada anataka awe wa kwanza, kwake ni kichekesho zaidi: anapiga nyimbo zake mwenyewe kwenye ukumbi wake mwenyewe, halafu azilipie?

Mama lishe

Mwanangu mleta mada, nimesoma yote. Umemtetea mwimbaji lakini neno lenyewe la "kufulia" hujaligusa panapouma.

Mtu anaposema mwimbaji amefulia kwa sababu anauza wali, amemtukana mwimbaji au ametutukana sisi? Mimi naamka saa tisa usiku. Nachambua mchele, nabandika maharage, na saa kumi na mbili wafanyakazi wa ujenzi wameshakaa kwenye mabenchi wananisubiri. Nimesomesha kwa sufuria hizi. Kumbe huku ndiko anakoangukia mtu aliyeshindwa maisha?

Wapo wasanii wanaodhani jina linapika. Wanafungua kwa mbwembwe, waandishi wanakuja, mwezi wa tatu mwenyewe haonekani, mpishi anapima mafuta anavyotaka, mchuzi unakuwa maji. Wateja wa kwanza walikuja kumwona yeye. Wa pili walikuja kula, wakakuta chakula kimepoa. Mimi namheshimu Shilole kwa sababu chakula ndiyo kazi anayojivunia mbele ya watu, haoni aibu kuonekana na mwiko. Anayefungua mgahawa huku anaona haya ya jiko atafunga tu, awe ameimba nyimbo mia.

Mtunzi asiyeimba

Hapa mnamzungumzia mtu mwenye sura. Na sisi je?

Mimi naandika. Nampa mwimbaji mashairi, wakati mwingine na melodi yake, analipia mara moja, wimbo unakwenda. Watu wanamjua yeye. Akifungua mgahawa kesho, jina lake litajaza viti wiki ya kwanza, na wimbo nilioandika mimi utakuwa unalia kwenye spika wakati watu wanakula. Sina wivu, ni haki yake. Ila njia hiyo ya kujikomboa kwa mgahawa ipo kwa anayeonekana tu. Mpiga besi hana. Mtunzi hana. Mtayarishaji aliyetengeneza mdundo naye hana, labda awe na jina kubwa. Riziki yetu sisi ya baadaye ni mirabaha, hatuna ya pili.

Na hesabu zake mnazijua. Januari 2022 COSOTA, ofisi ya hakimiliki, waligawa takriban shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,100. Gawanya sawasawa, haifiki laki tatu kwa mtu. Nilifurahi ilipogawiwa, maana ilikuwa hatua. Lakini kwa fedha hiyo hulipi kodi ya chumba kwa mwaka.

Mwenye baa anauliza kama mwimbaji alipie nyimbo zake mwenyewe. Kaka, ni zake kweli? Ameimba yeye, kaandika nani?

Mleta mada

Mama, nakushukuru kwa heshima zote, na hilo la jiko nalibeba lilivyo. Wengi tunawasifia waimbaji kwa "kujiongeza" kana kwamba chakula ni kazi ya akiba. Siyo. Ni fani, ina wenyewe, na mwimbaji anapoingia ni mwanafunzi kama mwanafunzi mwingine. Nakubaliana nawe pia kuhusu saa za kazi. Mtunzi anahitaji usiku wake. Mgahawa unamtaka alfajiri sokoni na usiku kwenye hesabu. Hapo ndipo naona hatari ya kweli kwa sanaa: si aibu, ni muda. Atakayetaka kubaki mwandishi wa nyimbo itabidi atafute msimamizi anayemwamini na amlipe vizuri, la sivyo wimbo ndio utakaosubiri, na wimbo ukisubiri sana hauandikwi.

Mzee wangu mpiga solo, shikamoo. Ulilosema kuhusu wapigaji kukatwa posho ya chakula na mwanamuziki mwenzao limeniuma. Ningependa mwanamuziki yeyote anayefungua ukumbi aandike mkataba wa bendi wenye sehemu ya mauzo ya kaunta, hata iwe ndogo, pamoja na geti. Yeye mwenyewe alilalamikia mpangilio wa zamani. Asiurithishe.

Mwenye baa, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, na sitaizunguka. Ada ya mwaka isiyofuata wimbo inamwonea mlipaji na mwenye wimbo kwa pamoja. Sheria ilirekebishwa ili makusanyo yafanywe na taasisi za wenye haki wenyewe, COSOTA ibaki msimamizi. Lakini hata abadilike anayekusanya, bila orodha ya kilichopigwa fedha itaendelea kugawiwa kwa kukisia. Na orodha hiyo haiwezi kutoka ofisini, itoke kwako na kwa DJ wako. DJ anatumia kompyuta, na programu nyingi za DJ zinahifadhi kila wimbo uliochezwa na saa yake. Kwa bendi ni kazi kidogo zaidi: kiongozi anaandika nyimbo za usiku huo na watunzi wake kwenye karatasi moja, kabla ya kufunga vyombo. Ndiyo maana nasisitiza wanamuziki wenye migahawa waanze. Wewe hujui nani katunga nini, na hatuwezi kukulaumu. Wao wanajua. Wanajua mpaka aliyeweka kiitikio. Ukumbi wa mwanamuziki ukipeleka orodha kamili kila mwezi, pamoja na malipo, anayekusanya atakuwa hana kisingizio cha kutomlipa mtunzi aliyeandika hapo juu, na wewe utakuwa na mfano wa kudai utaratibu huohuo kwa ajili yako.

Kuhusu kulipia nyimbo "zako mwenyewe", mtunzi ameshajibu. Wimbo ulioandika na kuumiliki peke yako fedha yake itakurudia, ikipungua gharama za makusanyo. Wimbo wenye mikono ya wengine ndani yake una watu unaowadai na wanaokudai.

Mwenye baa

Orodha ya DJ naweza kutoa, haina gharama. Kuanzia mwezi ujao naanza kuzihifadhi. Lakini nataka kuona wa kwanza kuzipokea na kuzisoma ni nani, maana nisije nikapeleka karatasi zikafungiwa samaki.

Mtunzi asiyeimba

Zihifadhi, kaka. Hata wakichelewa kuzisoma, mimi nitakuja kuziangalia.