Kurusha Cessna kutoka Wilson hadi Dar es Salaam kutazama mechi ya watani: naomba ushauri

Mwewe wa Lang'ata aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi Nairobi, na mwaka jana nilipata leseni ya rubani binafsi baada ya kufunzwa katika uwanja wa ndege wa Wilson. Hadi leo nina saa 94 za kuruka, karibu zote katika Cessna 172 ya injini moja, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Malindi na kurudi. Kabla ya urubani nilikuwa na ugonjwa mwingine ambao haujapata tiba: ni shabiki wa Simba tangu utotoni, na tangu nihamie huku sijakanyaga Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya mechi ya watani, Simba na Yanga.

Wazo langu ni hili. Siku ya mechi nikodi ndege, niondoke Wilson saa mbili asubuhi, nitue uwanja wa Julius Nyerere kabla ya saa saba mchana, niitazame mechi ya saa kumi na moja jioni, kisha nirudi usiku huohuo ili Jumapili niwe nyumbani. Marafiki watatu wako tayari kufuatana nami, na kila mmoja ameahidi kunipa kiasi kinacholingana na nauli ya ndege ya abiria, jambo ambalo litalipa gharama yote ya kukodi na kuniachia akiba kidogo. Kwa hesabu yangu, mstari ulionyooka ni takriban maili 360 za baharini, yaani kilomita 670, na ndege huenda maili 105 kwa saa. Je, kuna jambo nisiloliona? Nielezeni bila kunionea haya.

Karani wa Hangari alijibu:

Nianze na pesa, kwa sababu hapo ndipo safari yako inapovunjika kabla injini haijawashwa. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, leseni ya rubani binafsi inakuruhusu kuongoza ndege katika safari isiyo ya malipo. Rafiki anapokupa nauli, nawe ukabakiwa na akiba, umekwisha kuwa kampuni ya usafiri isiyo na cheti, hata kama abiria wako ni watu mliokula nao ugali chuoni. Uingereza na Marekani huwaruhusu marubani binafsi kugawana gharama na abiria kwa masharti, na mojawapo ni kwamba rubani naye atoe fungu lake mfukoni. Lakini kanuni za huko usizifanye kuwa za kwetu. Iandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, upate jibu la maandishi, kisha umwoneshe mwenye ndege na kampuni ya bima. Mtu wa bima huisoma leseni yako kwa makini kuliko ulivyowahi kuisoma wewe, ila huisoma siku ya ajali.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Karani amesema kweli, lakini hata kama pesa zingekuwa halali, ndege yenyewe ingekataa. Chukua kalamu. Tuseme Cessna yako inaweza kubeba kilo 385 juu ya uzito wake mtupu. Tarakimu kamili utaiona katika kitabu cha ndege hiyohiyo unayoikodi, si ya jirani yake hangarini. Watu wazima wanne wa kilo 80 ni kilo 320, na mabegi, jezi na vuvuzela tuyape kilo 20. Zinabaki kilo 45 za mafuta, nazo ni kama lita 62. Injini ile hunywa takriban lita 33 kwa saa. Mafuta hayo yatakufikisha Voi, na pale utaanza kuitazama geji kuliko unavyoitazama dunia. Kwa tangi lililojaa, ndege hii ni ya watu watatu wembamba, na mimi kwa rubani wa saa 94 ningesema ni ya wawili.

Isitoshe, Wilson iko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 26 za Selsiasi, hewa ya pale huwa nyepesi kama ya futi 8,000, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hutoa karibu robo tatu tu ya nguvu zake. Umejifunzia hapo, kwa hiyo unalijua jambo hili kwa miguu na mikono. Lakini umelijua ukiwa na mwalimu mmoja pembeni, hujalijua ukiwa na marafiki watatu wanaoimba.

Sasa twende kwenye mstari wako ulionyooka. Uchore kwenye ramani, nawe utaona kwamba unapita upande wa mashariki wa Kilimanjaro, kama kilomita 13 tu kutoka Mawenzi. Kilele cha Mawenzi kina mita 5,149, karibu futi 16,900, na dari ya Cessna 172, yaani kimo cha juu kabisa inachoweza kufika, ni takriban futi 14,000 kitabuni, siku ambayo injini ni mpya na rubani hana kitambi. Wakati wa kusi, upepo hupanda mlima kutoka kusini-mashariki, na mawingu hurundikana upande uleule unaotaka kupita. Alfajiri mlima huwa wazi na mzuri kama picha ya kalenda. Ifikapo saa nne au tano asubuhi mara nyingi umeshajifunika shuka. Achana na mstari huo. Fuata reli hadi Voi, ukate kuelekea Tanga ukiiacha Usambara kulia kwako, kisha uteremke na pwani hadi Dar. Nimeipima njia hiyo: ni takriban maili 376, yaani umeongeza kama maili 15 tu, na karibu safari nzima una ardhi tambarare chini yako, na miji unayoitambua kwa macho.

Hukutuambia mechi ni ya mwezi gani, na jambo hilo si dogo. Kati ya Juni na Agosti, asubuhi za Nairobi hufunikwa na wingu zito la chini, na wewe unayeruka kwa kutazama nje kwa macho unaweza kukaa kantini ya Wilson hadi saa nne au tano ukinywa chai ukingoja vilima vya Ngong vionekane. Miezi hiyohiyo, kusi inakupiga usoni. Upepo wa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, ukikukabili, mwendo wako juu ya ardhi unakuwa maili 85, na safari inakuwa saa nne na nusu. Ukiondoka saa tano unatua saa tisa na nusu, na hapo bado hujaonana na ofisa wa uhamiaji. Machi hadi Mei kuna masika, na mvua za ngurumo za alasiri pwani hazina urafiki na ndege ya plastiki na bati.

Kuhusu kurudi usiku huohuo, sitaandika mengi. Mechi ya saa kumi na moja humalizika karibu saa moja kasoro, na wakati huo jua la Dar limekwisha kuzama. Kwa leseni yako, isiyo na idhini ya kuruka usiku wala ya kuruka kwa kutegemea vyombo, siku yako ya urubani imekwisha kabla ya filimbi ya mwisho. Kulala Dar ni lazima.

Binti wa Temeke alijibu:

Mimi si rubani, ila ninaishi karibu na uwanja huo na ndugu yangu anafanya kazi za kupokea ndege ndogo, kwa hiyo nitaeleza upande wa huku.

Kwanza, ndege yenye usajili wa Kenya inahitaji kibali cha kuingia na kutua kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na hicho huombwa mapema, si kwa simu ukiwa umeshawasha injini. Lazima utue kwanza kwenye uwanja wenye forodha na uhamiaji. Julius Nyerere inafaa, na Kilimanjaro pia. Marafiki Wakenya waje na pasipoti pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Petroli ya ndege, ile ya rangi ya samawati, usidhani ipo kila mahali kama mafuta ya jeti: piga simu, uliza kama ipo siku hiyo, na uliza tena siku moja kabla. Mje na kamba zenu za kuifungia ndege, maana upepo wa usiku huamka wakati wenyewe mmelala.

Pili, kutoka uwanja wa ndege hadi Mkapa ni karibu, lakini siku ya watani ukaribu huo hauna maana. Barabara hufurika tangu asubuhi, na wapo watu wanaoingia uwanjani wakiwa na chakula cha mchana kwenye mifuko.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Kaka yangu, unaipangia safari ya anga mechi ambayo yenyewe haina adabu ya saa. Mnamo tarehe 8 Mei 2021, muda wa kuanza ulisogezwa kutoka saa kumi na moja hadi saa moja usiku. Yanga walifika kwa muda wa awali, wakaondoka, na mechi haikuchezwa. Tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa siku ileile ya mchezo, ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, na nyinyi Simba mkafungwa 2-0. Mtu aliyeruka kwa muda wa saa nne akikabiliana na upepo siku hizo mbili angetazama nyasi.

Mwewe wa Lang'ata aliandika:

Nawashukuru wote, hata kwa kunikumbusha tarehe 25 Juni. Hoja za uzito na mlima nimezikubali bila ubishi; nilirudia hesabu usiku nikaona aibu. Hata hivyo bado nina swali. Huko Ulaya wachezaji na matajiri hurushwa kwenda na kurudi kwa ndege ndogo kila wiki, tena wakati wa baridi na giza. Kwa nini kwao iwezekane, na kwangu iwe orodha ya vizuizi?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Kwao inawezekana kwa sababu kwa kawaida wanaorusha ni marubani wa biashara, wawili mara nyingi, wenye idhini ya kuruka kwa vyombo, katika ndege za kampuni zenye cheti. Pale sharti hilo liliporukwa, matokeo yake tunayajua. Emiliano Sala, mshambuliaji wa Nantes aliyekuwa amenunuliwa na Cardiff City, alirudi Ufaransa kuwaaga wenzake, na usiku wa tarehe 21 Januari 2019 akapanda Piper Malibu ya injini moja kuelekea Wales. Safari ilikuwa imepangwa asubuhi, ikasogezwa hadi jioni kwa ombi la abiria. Rubani alikuwa na leseni ya rubani binafsi, hakuwa na idhini ya kuruka usiku, na idhini yake ya aina ile ya ndege ilikuwa imekwisha muda. Ndege ilipotea baharini karibu na kisiwa cha Guernsey. Wachunguzi wa Uingereza, katika ripoti ya Machi 2020, walieleza kwamba rubani alipoteza udhibiti alipokuwa akigeuza ndege kwa mkono, yaelekea akijaribu kubaki nje ya mawingu, na ndege ikavunjika angani kwa kasi kupita kiasi. Tena huenda alikuwa ameathiriwa na gesi ya kaboni monoksidi iliyovuja kutoka mfumo wa moshi wa injini. Katika damu ya Sala kiwango chake kilikuwa asilimia 58. Aliyeiandaa safari alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2021.

Uitazame vizuri safari hiyo, ndugu Mwewe. Giza, mawingu, leseni isiyotosha, malipo, na abiria mwenye haraka. Katika mpango wako wa kwanza mlikuwa na vitu hivyo vyote. Sikusemi vibaya, nimewafundisha wengi, na walioniogopesha hawakuwa wazembe. Walikuwa watu wema ambao hawakuweza kuwaambia marafiki zao, "Leo hatuendi." Mechi huwa na saa yake, na saa hiyo hukaa na rubani kwenye kiti cha mbele.

Karani wa Hangari alijibu:

Nyongeza ndogo: nunua kigunduzi cha kaboni monoksidi chenye kengele. Asubuhi za baridi za Nairobi wengi hufungua joto la kabini, na joto hilo hutoka kwenye bomba la moshi.

Mwewe wa Lang'ata aliandika:

Nimewaandikia marafiki zangu jana. Wawili watakuja kwa ndege ya abiria, na mmoja wao amekasirika, ila atapoa. Wa tatu ana kilo 62 na pasipoti; atakuja nami bila kunilipa kitu mpaka Mamlaka wajibu barua yangu. Tutaondoka Alhamisi kwa njia ya Voi na Tanga, na kama Alhamisi Ngong haionekani tutajaribu Ijumaa, na kama Ijumaa nayo imefunga, nimekwisha kuulizia kibanda kimoja hapa Lang'ata ambacho huonesha mechi kwenye runinga kubwa. Kurudi itakuwa Jumatatu asubuhi, na ruhusa ya kazini nimeomba hadi Jumanne. Dada wa Temeke, tafadhali mwulize ndugu yako kamba za kufungia ziwe za urefu gani.