Saa za kujisomea mtandaoni zihesabiwe sawa na za warsha?

Tabibu, Chake Chake: Assalaam alaykum wanataaluma wenzangu. Wakati wa kuhuisha leseni, mimi nataka saa za kujisomea mtandaoni zihesabiwe sawa na za mafunzo ya warsha. Aliyeko Micheweni, huku Pemba, akifuata warsha Unguja, kituo chake kinabaki na nani?

Mkunga, Wete: Sawa kabisa? Hapana, kaka tabibu. Chukua kumpulizia hewa mtoto mchanga asiyepumua. Barakoa ikivuja kidogo tu ubavuni mwa pua, kifua hakinyanyuki, na wewe unaendelea kuhesabu pumzi 40 kwa dakika ukidhani hewa inaingia. Video haitakushika kidole ikisogeze. Na vile vyeti vya mtandaoni, mingi ya mitihani yake hurudiwa mpaka mtu apite.

Tabibu, Chake Chake: La barakoa nimelipokea, dada. Lakini elimu ya kukinga maradhi haihitaji mwanasesere wa mazoezi.

Afisa elimu ya afya, Mjini: Inahitaji chanzo sahihi, na hapo ndipo tunapoumia. Zipo kurasa zinazotoa mchanganyiko wa zamani wa ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kumnywesha anayeharisha: chumvi gramu 3.5 na glukosi gramu 20 kwa lita. Tangu 2002 WHO na UNICEF wanaelekeza 2.6 na 13.5, kwa sababu ule wa mwanzo ulikuwa mzito mno; huu mpya hupunguza choo na kutapika, na watoto wanaohitaji dripu huwa wachache. Ukurasa wa zamani hautaji hata zinki, ambayo mtoto anayeharisha hupewa kwa siku 10 hadi 14. Sasa mtu anaunakili kwenye bango la kipindupindu! Ukurasa usio na mwaka wala jina la taasisi, ufunge.

Mfamasia, Mkoani: Hata wenye mwaka unaweza kukupoteza. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ilianza kutibu malaria kwa ASAQ (dawa mseto ya artesunate na amodiaquine) mwaka 2003; Bara ikaja kuchagua ALu (artemether na lumefantrine). Miongozo yote miwili ni ya serikali, lakini kila mmoja una kwao. Anza na wa Wizara yetu, kisha WHO, ndipo uende kwenye mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba. Majarida ya kulipia yapo Hinari, mpango wa WHO wa kuyafungulia nchi za kipato cha chini, ila husajiliwa taasisi, si mtu binafsi. Nywila wawe nayo watu wawili au watatu. Ikikaa kwa mkutubi peke yake, siku akihama mumefungiwa nje.

Tabibu, Chake Chake: Basi badala ya cheti, mtu alete karatasi moja: chanzo, mwaka, mwongozo wa Wizara unasemaje, na nini kimebadilika kituoni.

Mkunga, Wete: Karatasi hiyo naiunga mkono, kwa nusu ya saa zote zinazotakiwa. Saa za kazi za mikono, hata moja isitoke kwenye simu. Hapo sirudi nyuma.