Tupeane uzoefu: Umewahi kumtembeza mgeni kutoka nyumbani ukiwa India?

Wakuu habari za muda huu.

Niko Pune mwaka wa tatu, nasoma. Mwezi uliopita jamaa yangu wa Mbagala, tumekua wote, alimsindikiza mama yake mdogo kwenye matibabu Mumbai, akapata siku tatu za kuja kwangu. Nikajifanya mwenyeji haswa. Siku ya kwanza Shaniwar Wada, ngome ya Mapeshwa (mawaziri wakuu waliotawala hapa zamani) iliyojengwa 1732, ambayo kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa naiona dirishani kwenye basi tu. Langoni akauliza ile misumari mirefu ya chuma ni ya nini. Nikasema mapambo. Mzee mmoja nyuma yetu akacheka, akatueleza kuwa iliwekwa ili tembo wa vita wasisukume lango kwa vichwa. Toka hapo kila nikieleza kitu, jamaa anageuka kuangalia kama kuna mzee karibu.

Lakini kilichomkamata siyo ngome. Ana bajaji mbili pale Mbagala. Tunatoka kwenye ngome anasimama barabarani anapaza sauti "bajaji!", hakuna anayegeuka. Hapa ni riksho, au oto. Nikamwambia Bajaj ni jina la kampuni, na makao makuu yake yako Akurdi, hukuhuku Pune. Basi, ratiba yangu ikafa! Siku ya pili tukapanda treni ya mji mpaka Akurdi, tukasimama ng'ambo ya barabara kuangalia geti. Geti tu, wakuu. Akawapigia madereva wake video: "Vijana, nipo kwa baba yenu."

Jioni akaagiza chapati. Ikaja kavu, nyembamba, akaigeuza pande zote mbili akasema huyu mpishi kasahau mafuta. Kwa mnaotarajia wageni: chapati yetu ya nyumbani hapa inakaribiana na paratha ya matabaka. Ukiagiza chapati utaletewa kitu kingine kabisa.

Nyie yamewakuta yapi?

*

Mpwani wa Delhi:
Yangu ni aibu tupu. Dada yangu alitoka Mombasa, ana siku nne, shida yake ni Taj Mahal peke yake. Mimi ndiye mjuzi, mimi ndiye nimekata tiketi. Tumefika Agra saa nne asubuhi, lango limefungwa. Ijumaa! Taj haipokei watalii Ijumaa, na nimeishi Delhi miaka miwili. Dada hakusema neno, na mnajua dada akinyamaza ni nini. Dereva wa oto akatuonea huruma, akatuvusha mto Yamuna mpaka bustani ya Mehtab Bagh, tukaiona Taj yote kutoka nyuma, bila msongamano. Hapo ndipo dada alipoanza kuongea tena. Tulilala Agra, kesho yake tukaingia: mgeni rupia 1,100, Mhindi 50, na wote mnaongeza 200 mkitaka kufika kwenye kaburi lenyewe. Dada akaniambia picha ya ng'ambo ya mto ndiyo nzuri zaidi. Sijui kama alikuwa ananifariji.

*

Mama Chai:
Msisahau fomu ya kuandikisha mgeni jamani, ile tuliyoizoea kama Fomu C. Mgeni wa nje akilala kwako, wewe unayempokea unatakiwa kumwandikisha mtandaoni ndani ya saa 24. Mimi nilidhani ni mambo ya hoteli tu. Mwenye nyumba akanigongea mlango saa tano usiku, mgeni wangu yuko na kanga, ametoka kuoga. Tulijaza palepale.

*

Mtoto wa Unguja:
Mimi nipo Ahmedabad. Rafiki yangu alipokuja kutoka Makunduchi nilimpeleka msikiti wa Sidi Saiyyed, wa 1573, ule wenye madirisha ya mawe yaliyochongwa mti na matawi yake hadi unahisi ni kitambaa. Aliyeujenga ni Msidi, yaani mtu mwenye asili ya Afrika. Mwenzangu akakaa kimya muda, akasema, "Na huyu naye alikuja na jahazi?"

Swali hilo likanifanya nimpeleke Jambur, kijiji cha Masidi karibu na msitu wa Gir wenye simba. Treni ya usiku, halafu basi, halafu miguu. Kufika, mzee wa kwanza tuliyemwona anafanana na amu yake shingo mpaka masikio. Akamkimbilia: "Hujambo mzee!" Mzee akamjibu Kigujarati. Uso wa mwenzangu ulivyoanguka, hata sikumtazama mara mbili. Mimi kwa Kihindi changu cha sokoni nikatafsiri, tukapewa chai. Baadaye vijana wakatoa ngoma kuonyesha, na mzee akatamka jina la mchezo wao: goma. Mwenzangu akaruka kitini. Akaanza kumtajia maneno: chai, duka, dunia, safari, sabuni. Mengine mzee anayajua, lakini hayo hata mwenye duka wa Kihindu anayajua. Goma ndilo lililokuwa lao. Basi la kurudi lilituacha, na hakuna aliyelalamika.

*

Mwanzisha mada:
Unguja, nipe njia ya kufika Jambur kwa treni, mwezi wa kumi na mbili anakuja kaka. Nimeshaandika na Fomu C ukutani. Kwa Mumbai nilipanga kumpeleka mapango ya Elephanta Jumatatu.

*

Mpwani wa Delhi:
Elephanta Jumatatu pamefungwa, mkuu.